Historia ya Amri za Mofini katika Dar es Salaam

Kiswahili kina neno moja, dawa, linalobeba mizigo miwili. Peke yake ni jina la kitu kimponyacho mgonjwa. Likiongezwa maneno mawili, za kulevya, huwa jina la kitu kimharibucho mzima. Neno jingine, kasumba, limesafiri mbali zaidi. Leo watu wengi hulijua kwa maana ya mawazo mabovu aliyopandikizwa mtu mpaka akayaona kuwa yake, walakini maana yake ya asili ni afyuni, utomvu mzito unaotoka katika tunda bichi la mpopi. Kuwapo kwa maneno haya, afyuni na kasumba, katika vinywa vya watu wa pwani ni ushahidi kwamba kitu chenyewe kilijulikana hapa muda mrefu kabla ya kabati la hospitali kuja na kufuli zake.

Katika utomvu huo mna mofini, dawa ambayo mpaka leo haijapata mpinzani wa kweli katika kutuliza maumivu makali ya saratani. Katika utomvu huo huo pia ndimo inamotoka heroini, ambayo vijana wa Kinondoni na Temeke huiita unga. Basi katika mtaa mmoja wa Tandale au Mbagala waweza kuwapo watu wawili, nyumba kwa nyumba: mmoja ni mama mwenye saratani, ambaye kilio chake huwakesheza majirani kwa kukosa dawa, wa pili ni kijana aliyeiuza hata nguo yake kwa kuipata dawa ya jamii ile ile. Sheria ni moja kwao wote wawili. Habari zinazofuata ni za jinsi sheria hiyo ilivyoanza, kwa nini ilijua kufunga kabla ya kujua kufungua, na jinsi daktari wa vitongoji vya Dar es Salaam alivyojikuta amesimama katikati ya hofu mbili.

Mofini ilitengwa na afyuni mwanzoni mwa karne ya 19 na kijana wa Kijerumani mtengeneza dawa, Friedrich Sertürner, naye akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto katika hadithi za Wayunani. Mwaka 1853 daktari wa Edinburgh, Alexander Wood, alianza kutumia sindano ya kupenyeza dawa chini ya ngozi, na tangu hapo mofini ikapata njia fupi zaidi ya kuingia mwilini. Mwaka 1898 kiwanda cha Bayer kilileta sokoni heroini, iliyofanywa kwa kubadili mofini, kikaiuza kama dawa ya kikohozi. Wakati ule wengi walidhani kwamba dawa hiyo mpya haingemtawala mtu kama mofini ilivyofanya. Dhana hiyo ilikuwa kosa kubwa, na kosa hilo yafaa likumbukwe, kwa kuwa amri nyingi zilizokuja baadaye zilizaliwa na majuto yake.

Katika miaka hiyo hiyo Wajerumani walikuwa wakijenga mji wao katika Dar es Salaam. Hospitali yao ya ufukweni, ambayo baadaye iliitwa Ocean Road, ilimalizika mwaka 1897, na Robert Koch, bingwa wa elimu ya vijidudu, alifanya kazi ya uchunguzi katika mji huu mwishoni mwa mwaka huo na mwanzo wa mwaka uliofuata. Nyumba hiyo nzuri ilikuwa kwa Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri aliyekufa mwaka 1897. Hivyo kabla sheria yoyote ya mofini haijafika, milango ya tiba ilikwisha kugawanywa kwa rangi za watu. Na dawa adimu hufuata mlango uliokwisha kufunguliwa.

Sheria yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1909 wajumbe wa mataifa walikutana Shanghai kuzungumza juu ya afyuni iliyokuwa ikiiharibu China, na tarehe 23 Januari 1912 mkataba wa kwanza wa dunia juu ya dawa hizo ulitiwa sahihi mjini The Hague. Mkataba huo uliyataka mataifa yaweke mpaka: mofini, heroini na kokeini zitumike kwa haja za tiba na haja halali tu. Nchi nyingi hazikuharakisha kuutia nguvu, na Ujerumani yenye viwanda vikubwa vya dawa ilikuwa miongoni mwao. Vita ikaja. Ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulisema katika kifungu cha 295 kwamba atakayeukubali mkataba wa amani atahesabiwa kuwa ameukubali na ule wa afyuni. Hivyo hati ile ile iliyoinyang'anya Ujerumani Dar es Salaam pamoja na makoloni yake yote ndiyo iliyoitia pia katika kamba ya sheria ya mofini. Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Uingereza, na usimamizi wa mikataba ya afyuni ukawa kazi ya Shirikisho la Mataifa.

Uingereza ilitunga sheria yake ya dawa za hatari mwaka 1920, na mtindo wa sheria hiyo ukaenea katika nchi zilizokuwa chini ya bendera yake. Mtindo huo wastahili kuelezwa, kwa kuwa mifupa yake ingali imo katika amri za leo. Kwanza, dawa ya hatari haitolewi ila kwa cheti cha daktari aliyeandikishwa. Pili, cheti kiandikwe kwa wino usiofutika, kiwe na jina la mgonjwa, tarehe, kiasi cha dawa na sahihi ya daktari. Tatu, kila kiasi kinachoingia na kila kiasi kinachotoka kiandikwe katika daftari maalumu, na daftari hilo lihifadhiwe, lisitupwe. Nne, dawa yenyewe ikae ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo uwe mkononi mwa mtu anayejulikana. Wauguzi wa zamani wa Afrika ya Mashariki walilijua vema kabati hilo, kabati dogo ndani ya kabati kubwa, kufuli nyuma ya kufuli.

Hapana ubaya katika amri hizo zikitazamwa moja moja. Kila moja ina sababu: cheti huzuia udanganyifu, daftari huzuia wizi, kufuli huzuia tamaa. Ubaya ulikuwa katika neno moja dogo, daktari. Katika Tanganyika ya wakati wa ukoloni Mwafrika wa kawaida alipougua hakukutana na daktari. Alikutana na dresa au mchanganya dawa katika zahanati. Watu hao walifunga vidonda, walitoa kwinini na walichoma sindano, wala haikosi walikuwa na huruma na ujuzi. Lakini mbele ya sheria hawakuwa madaktari, na kalamu zao hazikuweza kulifungua kabati. Miaka ya 1950 vitongoji vya Waafrika vilikuwa vikipanuka Magomeni, Temeke na Kinondoni, na mtu aliweza kuzaliwa, kuugua na kufa huko bila cheti hata kimoja cha namna ile kuandikwa kwa jina lake. Sheria haikumkataza kupata nafuu ya maumivu. Ilimpita tu, kama gari moshi lipitavyo kituo kidogo bila ya kusimama.

Mwaka 1956 hospitali mpya ya Muhimbili iliitwa kwa jina la binti mfalme wa Kiingereza, Margaret, aliyezuru nchi mwaka huo. Baada ya uhuru ikarudia jina la mahali pake. Kisha ukaja mwaka 1961, mwaka wa mambo mawili. Tarehe 30 Machi, mjini New York, mataifa yaliikusanya mikataba yote ya zamani na kufanya mkataba mmoja wa dawa za kulevya. Tarehe 9 Desemba Tanganyika ikawa huru. Mkataba wa New York aghalabu hukumbukwa kwa makatazo yake, ilhali katika maneno yake ya utangulizi unakiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu na nchi zitengeneze njia ya zipatikane, na kwamba uraibu ni uovu mkubwa kwa mtu na kwa jamii. Kifungu cha 30 hutaka cheti cha tiba kabla ya mtu kupewa dawa, na kifungu cha 34 hutaka kumbukumbu zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka miwili. Basi mkataba una mikono miwili. Swali la historia ni kwa nini nchi nyingi, Tanzania miongoni mwao, ziliujua mkono mmoja vizuri kuliko mwingine.

Jibu la kwanza ni uhaba wa watu. Siku ya uhuru madaktari Waafrika wa Tanganyika waliokuwa wamehitimu hawakufika ishirini. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa sehemu ya chuo kikuu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilielekeza nguvu vijijini, ikajenga zahanati na vituo vya afya, ikawafundisha waganga wasaidizi kwa maelfu. Huo ulikuwa uamuzi wa haki, nao uliokoa roho za watoto na wazazi wengi. Walakini mofini haikuweza kuifuata zahanati, kwa kuwa sheria ilimngoja daktari, na daktari alikuwa mbali.

Jibu la pili ni namna dawa hii inavyoombwa. Kila mwaka kila nchi hupeleka kwa bodi ya dunia ya kusimamia dawa za kulevya, iliyoanza kazi mwaka 1968, makadirio ya kiasi itakachohitaji. Bodi ikikubali, nchi inunuayo hutoa kibali cha kuingiza, na nchi iuzayo hutoa kibali cha kupeleka nje. Mpango huu ni mzuri kwa kuzuia magendo, lakini una mtego ndani yake. Nchi iliyozoea kutumia kidogo hukadiria kidogo. Ikikadiria kidogo huletewa kidogo. Ikiletewa kidogo madaktari wake hawapati mazoea ya kuitumia. Na daktari asiye na mazoea huiogopa, akaandika vyeti vichache zaidi. Mwisho wa mwaka takwimu zinaonyesha kwamba haja ni ndogo. Kumbe kilichopimwa si haja ya wagonjwa bali ni woga wa waandikaji. Maumivu yasiyoandikwa popote hayana idadi, na yasiyo na idadi hayaingii katika makadirio.

Jibu la tatu ni jina. Mwaka 1978 Tanzania ilitunga sheria ya madawa na sumu, na jina lenyewe liliyaweka mambo mawili katika sentensi moja, kama urithi ulivyokuwa umeyaweka. Mwaka mmoja kabla yake, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, na mofini ilikuwamo. Hivyo mfamasia wa Dar es Salaam alikuwa na kitabu kimoja kilichomwambia kwamba dawa hii haifai kukosekana, na kingine kilichomkumbusha kila siku kwamba ni kitu cha kuchungwa. Mtu akipewa amri mbili, hutii ile yenye adhabu.

Wakati huo elimu ya maumivu ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na baadaye daktari, alifungua London nyumba ya St Christopher's kwa ajili ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, akaonyesha kwamba mofini inyweshwayo kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, humtuliza mgonjwa bila kumfanya mlevi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani wenye mfano wa ngazi ya vidato vitatu: kwanza dawa ndogo kama aspirini, kisha za kati kama kodeini, na mwisho mofini. Mwongozo ulisema dawa itolewe kwa kinywa, kwa saa na kwa ngazi. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipobainishwa, tofauti ambayo wengi hawajaielewa hata leo. Mwili wa mgonjwa huizoea mofini, na ikikatwa ghafla huteseka. Hayo ni mazoea ya mwili. Mraibu huitafuta dawa hata inapomwangamiza. Huo ni utumwa wa nafsi. Mgonjwa wa saratani huinywa apate kuketi, kula na kuzungumza na wanawe. Kijana wa maskani huitumia apate kuyatoka hayo yote.

Elimu hii ilifika Afrika ya Mashariki kwa mikono ya watu wachache. Nairobi ilipata nyumba ya namna hiyo mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akatumia njia rahisi: unga wa mofini huchanganywa na maji na kitu cha kuhifadhi, hutiwa rangi ili nguvu yake ijulikane kwa macho, hutiwa chupani, na mgonjwa hunywea nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ilifanya jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa zimelifanya: ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kuandika cheti cha mofini. Waganda hawakuivunja kufuli. Waliongeza idadi ya watu waaminifu wenye ufunguo.

Tanzania ilikwenda kwa njia yake. Hospitali ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani karibu na mwaka 2000, na mfano wake ukaenezwa katika hospitali nyingine za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Mwezi Juni 2004 chama cha bara zima cha tiba hiyo kilizinduliwa mjini Arusha. Kiswahili nacho kikatoa jina, tiba shufaa. Shufaa ni maombezi, kusimama mbele ya mwenye nguvu kwa ajili ya asiye na nguvu. Jina hilo lilichaguliwa vema, kwani daktari aandikaye cheti cha mofini husimama hasa mahali hapo, kati ya dola na mgonjwa.

Katika Dar es Salaam makao ya kazi hiyo yalikuwa ile nyumba ya Wajerumani ya ufukweni. Mwaka 1996 Ocean Road ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Nyumba iliyojengwa kwa Wazungu wachache ikawa mahali pa mwisho pa matumaini kwa maskini wa nchi nzima, wengi wao wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, na wengi wakifika ugonjwa umekwisha kuenea. Huko ndiko mofini ya maji ilikochanganywa, na kwa muda mrefu huko ndiko hospitali nyingine zilikotazamia kuipata. Mgonjwa wa Mbagala au Bunju aliyeshindwa kusimama alimtuma ndugu yake. Ndugu huyo alipanda basi alfajiri, akakaa foleni, akapewa chupa na maelezo: kiasi hiki kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Chupa ilipokwisha kabla ya siku ya kurudi, saa nne zilikuwa ndefu mno. Baadaye kazi ya kuchanganya na kugawa ilianza kusambazwa katika hospitali nyingine, na jambo hilo moja la usambazaji lilikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

Ajabu ya historia ni kwamba mwaka mmoja kabla Ocean Road haijawa taasisi, yaani mwaka 1995, Bunge lilipitisha sheria mpya na kali ya kuzuia magendo ya dawa za kulevya, na Tume ya kuzisimamia ikaundwa. Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Heroini ilikuwa ikija kwa bahari kutoka Asia, ikipita pwani hii kwenda kwingine, na kila mzigo upitao huacha punje njiani. Mwanzoni vijana waliivuta kwa moshi. Karibu na mwaka 2000 unga mweupe, unaoyeyuka kwa maji, ulienea Dar es Salaam, na sindano ikaenea nao. Kinondoni na Temeke, ambazo mwaka 2000 zilipewa hadhi ya manispaa, zilipata maskani ambazo kila mkazi alizijua na kila mzazi alizihofia. Vijana walishirikiana sindano, na virusi vya ukimwi vikapita katika ncha yake. Mateja, kama walivyoitwa, walipigwa na raia, walikamatwa na polisi na walikimbiwa na jamaa zao.

Basi hofu ya pili ikaingia katika chumba cha daktari. Hofu ya kwanza ilikuwa ya sheria. Hii ya pili ilikuwa ya mtaa. Daktari alipoiona chupa ya mofini ikitoka mlangoni alijiuliza itafika wapi. Ndugu wa mgonjwa nao walipolisikia jina la dawa walishtuka, wakasema mzee wao atakufa teja. Wako waliomnyima mgonjwa dawa iliyokwisha kutolewa, kwa upendo na kwa ujinga. Hapo kufuli ilikuwa imehama kabatini, ikaingia vichwani mwa watu, na kufuli ya kichwani haina ufunguo ila elimu.

Jawabu la tatizo la unga lilitoka mahali ambapo wengi hawakulitazamia. Methadoni ni dawa iliyotengenezwa Ujerumani kabla ya Vita ya Pili ya Dunia kwa ajili ya kutuliza maumivu. Katika miaka ya 1960 madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walionyesha kwamba mraibu wa heroini akinyweshwa kipimo chake cha methadoni kila siku, kiu yake hutulia naye aweza kufanya kazi na kurudi kwa watu wake. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza katika hospitali ya umma Tanzania na mojawapo ya za mwanzo kusini ya Sahara. Mwaka 2012 ikafuata ya Mwananyamala katika Kinondoni, na mwaka 2014 ya Temeke. Amri zake ni kali kuliko zote zilizotajwa: mgonjwa huja kila siku, hutambuliwa, hupimiwa dawa yake ya maji, huinywa mbele ya macho ya mtoaji, na jina lake huandikwa. Kwa miaka mingi hapakuwa na chupa ya kwenda nayo nyumbani.

Yafaa wanafunzi wa historia wasimame kidogo hapa. Dawa ya jamii ile ile ya afyuni, iliyokuwa imefungwa kwa kufuli mbili tangu enzi za Waingereza, sasa ilipimwa kila asubuhi kwa mamia ya watu katika vitongoji vya Dar es Salaam, na hao walikuwa ni watu ambao jamii iliwaamini kidogo kuliko wote. Iliwezekanaje? Iliwezekana kwa kuwa tatizo lilihesabiwa. Wataalamu walikwenda maskani, wakapima, wakaonyesha jinsi virusi vilivyokuwa vikienea, na hesabu hiyo ikaisukuma Serikali na wafadhili. Amri hazikulegezwa, ziliandikwa upya kwa kumtazama mtu aliyekusudiwa kusaidiwa. Mgonjwa wa saratani hakuwa na hesabu ya namna hiyo. Yeye haambukizi mtu, haibi, hapigi kelele barabarani. Hulala ndani, na baada ya muda huzikwa. Ukimya wake ulihesabiwa kuwa ni ridhaa.

Wako watakaosema kwamba ni heri kufuli iwe ngumu kupita kiasi kuliko kuwa laini, nao hawakosi hoja. Marekani ni ushahidi wao. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue ilileta sokoni kidonge cha OxyContin, ikawashawishi madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Vyeti viliandikwa kwa mamilioni, hata kwa maumivu madogo. Mwaka 2007 kampuni ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha watu juu ya hatari hiyo, lakini vidonge vilikwisha kuwafikia watu wengi mno, na wengi wamekufa. Ilikuwa dhana ya mwaka 1898 imerudi katika nguo mpya, tena kwa sababu ile ile ya faida. Nchi isiyo na amri juu ya mofini hufanya biashara kwa roho za watu wake.

Lakini mizani ina sahani mbili. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la The Lancet lilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Asiyekuwa na mkate hawezi kuonywa juu ya ulafi kwa kupewa mfano wa mtu aliyevimbiwa. Kosa la Marekani lilikuwa kuifanya dawa ya maumivu makali kuwa bidhaa ya kila mtu. Kosa la kwetu lilikuwa kuifanya iwe kama siri hata kwa yule ambaye iliundwa kwa ajili yake. Makosa hayo hayaponyani.

Mwaka 2015 Tanzania ilitunga sheria nyingine ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyoweka Mamlaka mahali pa Tume na kuipa nguvu za kuchunguza na kukamata. Mwaka 2017 sheria hiyo iliongezwa makali. Kama mkataba wa mwaka 1961, nayo huacha mlango kwa matumizi ya tiba na ya elimu. Sheria hutungwa kwa maneno, lakini husomwa kwa hofu au kwa imani. Daktari kijana wa hospitali ya wilaya akiisoma kwa hofu, ataona adhabu za mfanya magendo na kudhani zamngojea yeye kwa kosa la kalamu. Ataandika aspirini mahali pa mofini, na hakuna mkaguzi atakayemshtaki. Akiisoma kwa imani, ataona kwamba cheti kilichoandikwa sawasawa ni ngao yake: jina kamili, kipimo kwa tarakimu na kwa maneno, saa za kunywa, siku za kutumia, sahihi, kisha daftari lililojazwa siku ile ile, na chupa tupu iliyorudishwa. Amri hizo hizo zinazomtisha daktari wa kwanza ndizo zinazomlinda wa pili.

Hayo yaonyesha upungufu ulikolala. Kwa muda wa miaka mia na zaidi, amri za mofini zimekuwa zikiuliza swali moja: je, dawa hii imekwenda mahali isipostahili? Daftari hujibu swali hilo kila mwezi. Swali la pili, je, dawa hii imeshindwa kwenda mahali inapostahili, halina safu katika daftari. Hakuna mfamasia aliyewahi kuulizwa kwa nini chupa imekaa kabatini hata ikaharibika, ilhali jirani wa hospitali amekufa akilia. Kupotea kwa dawa ni kosa lenye jina. Kupotea kwa nafuu hakuna jina. Mkataba wa mwaka 1961 uliyataja maswali yote mawili katika utangulizi wake, na historia ya Dar es Salaam yaonyesha kwamba hili la pili halijibiwi ila pale watu wanapokataa kunyamaza: Ocean Road kwa wagonjwa wake, Mwananyamala na Temeke kwa vijana wao.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watunga amri wa The Hague, wa London na wa New York hawakukilalia kitanda cha mgonjwa wa Tandale, na hapana haja ya kuwalaumu kwa hilo. Walikuwa wakizuia balaa waliyoiona. Lakini daktari wa Kinondoni na wa Temeke hukiona kitanda hicho kila siku, na kalamu imo mkononi mwake. Ufunguo wa kabati umekwisha kukabidhiwa kwake. Wajibu wake ni kuutumia kwa uangalifu wa mtu aliyeyaona maskani, na kwa huruma ya mtu aliyekisikia kilio cha usiku.